Bolti Nane za Bizoza

Tumemzika Bilali Jumatatu baada ya adhuhuri. Kaburi lilikuwa na maji chini, kwa sababu pale karibu na ziwa ukichimba usawa wa kiuno tu maji yanakuja yenyewe, wakamlaza hivyo hivyo. Mimi sikwenda makaburini. Nilikaa uani kwa binti yake tukichambua mchele, na wanaume waliporudi wakakaa barazani nikawa nasikia kila kitu, maana ukuta wa nyumba ile ni wa matete na udongo ulishaanguka zamani. Kijana mmoja, mwalimu wa shule, akasema, "Huyu muzee ndiye alikuwa wa mwisho kwenye boti ya Wadachi." Mwingine akauliza, boti gani hiyo? Akajibiwa, ile iliyopasuka mashine, ile ambayo mhunzi wa kule Kizuka mlimani aliifunga kwa vyuma vibovu, Fundi Ramadhani wa watu akaenda kufa kwa sababu ya mshenzi wa mlimani. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo. Na pale pale mkekani alikuwa amekaa mjukuu wa huyo mhunzi, yule anayetengeneza baiskeli karibu na soko, ambaye kuni za msiba alizileta yeye, kwa kichwa chake mwenyewe. Nilimwona kupitia matete. Aliinamia sahani akawa anatenga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na wali, kila ndagala peke yake, kama mtu anayepanga misumari kwa urefu.

Mimi nikaendelea kuchambua mchele. Nilikuwa na nafasi ya kusimama nikasema, na sikusimama. Mtu mwenye umri wangu, meno manne kinywani, anaogopa nini? Lakini niliogopa. Ndiyo maana naandika, kwa sababu karatasi haikukodolei macho. Kuandika kwenyewe kidogo ninakojua nilifundishwa na Fundi Ramadhani, mume wangu wa kwanza, kwa chaki juu ya sanduku la spana, kwa hiyo atakayesoma anivumilie. Vyuma vya Bizoza, mhunzi huyo, havikuwa vibovu. Vilikuwa vizuri kuliko vile vya Ulaya. Mbali na yeye mwenyewe, watu waliojua jambo hili walikuwa watatu, na sasa nimebaki peke yangu.

Mambo ya kuzaliwa kwangu na ukoo wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Itoshe kwamba mama alikuwa mtu wa mlimani, akaja kukaa na waungwana wa hapa Rumonge, akasilimu, na mikono yake ikabaki ya mlimani. Niliolewa mwaka ule Wadachi, ndio Wajerumani, walipoanza vita na Wabeleji wa ng'ambo ya ziwa. Nyumba aliyonipeleka Fundi ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa na kitanda cha kamba. Cha pili kilikuwa na vyuma. Sisemi kwa mzaha: vyuma sakafuni, vyuma vimening'inia kwenye boriti, chupa za mafuta ya taa dirishani, na harufu hiyo ya mafuta ya taa ilikuwa ndani ya mto, ndani ya nguo, ndani ya maji ya kunywa. Wiki ya kwanza nilitapika mara mbili, majirani wakapiga vigelegele wakidhani nimeshika mimba. Nilikuwa nimeshika mafuta ya taa tu.

Fundi alikuwa mtu wa pwani, wa Tanga, mwembamba, mpole, na alikuwa na pumu. Ikimshika alikaa kwenye kizingiti akashika magoti, unasikia kifua chake kinapiga mluzi mpaka nyumba ya tatu. Alikuja na boti ile ikiwa vipande, imebebwa vichwani na watu, akaiunga, akaambiwa abaki nayo. Haikuwa meli kubwa. Ilikuwa boti ya mota, ndefu kama nyumba mbili, na mashine yake ya mafuta ya taa katikati, silinda moja tu, nene kama pipa dogo. Chakula chetu hakukipenda. Bugali alikula, ndagala alikula, lakini mawese alikuwa anayasukuma pembeni kwa kidole. "Nyinyi watu wa Rumonge," aliniambia, "mukipewa pepo mutaipaka mawese kwanza ndipo muingie." Mimi nikamjibu, na nyinyi wa pwani mutaitafuta nazi humo mpaka kiyama. Alicheka akakohoa. Baada ya miezi alizoea, akawa anachovya kidogo, na siku moja nilimkuta analamba kidole akidhani sipo. Nikarudi nyuma kimya kimya nisimwaibishe. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi la ndoa yangu, watu wasistaajabu. Ndoa yenyewe haikufika mwaka na nusu.

Kitu kimoja alikuwa anakisema sana, akinipimia mafuta ya taa ya koroboi au akimwonyesha Bilali kazi: "Mashine haitaki ukarimu. Inataka kipimo." Bilali alikuwa mwenzake wa kazi botini, Mmanyema, rika langu, mabega mapana, maneno machache. Alilala humo humo ndani ya boti kulinda vyombo. Alikuja kwetu kula, anakaa upande wa mlango, anakula bila kuinua macho, akimaliza anashukuru, "Murakoze, shemeji," na anaondoka. Mimi na Bilali tumeishi mji mmoja miaka zaidi ya hamsini na sidhani tumezungumza maneno yanayojaza kikapu.

Mwenye boti alikuwa Mdachi tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu kila ukimwambia jambo alitoa saa mfukoni akaiangalia kwanza. Vita vilipopamba moto alikuwa anataka boti iende upesi kuliko nguvu zake. Kifuniko cha silinda, mafundi wa magari wa sasa wanasema kilasi, kilikuwa kimefungwa kwa bolti nane, na katikati ya kifuniko na silinda inakaa gasketi, bamba la shaba, ya kuzuia moto na maji visitoke. Ilipoanza kuvuja kidogo, Bwana Saa hakumngoja Fundi. Alichukua spana mwenyewe, akaichomekea bomba ili mkono uwe mrefu, akakaza kwa nguvu zote. Mbili zikakatika vichwa. Sita zilizobaki zikavutika, Fundi alizipima kwa uzi akasema zimerefuka kama mpira, hazishiki tena. Basi mashine ikawa inapiga mluzi pale kwenye gasketi, pss, pss, maji yanaingia ndani, haiwaki. Bilali akasema, "Iko na pumu kama bwana wake." Fundi akacheka, ila Bwana Saa hakujua Kiswahili cha utani.

Boti ikafichwa kwenye matete kusini ya mji. Bwana Saa alikuwa anakwenda Usumbura kwa miguu na askari wake. Alisimama mlangoni kwetu, mimi niko ndani nyuma ya pazia nasonga bugali, mwiko umesimama mkononi. Akasema bolti kutoka Dar es Salaam haziji, njia imefungwa. Akatoa saa, akaiangalia, kana kwamba siku kumi zinaonekana mle. "Siku kumi narudi. Boti inakwenda, wewe fundi. Boti haikwendi, wewe mpagazi." Kisha akaondoka. Fundi akabaki ameshika mwimo wa mlango. Nyakati zile hakuna mtu asiyejua upagazi wa vita ni nini. Walipita watu kutoka Gitaza wamefungwa kamba shingoni, walipita kwenda Kabonga na mbele huko, na hatukuwa tumemwona hata mmoja anarudi. Mtu mzima mwenye kifua kizuri alikufa njiani. Na huyu wangu alikuwa hawezi kupanda kilima cha msikiti bila kusimama mara mbili.

Kwa hiyo siku kumi. Tatu za kwanza ziliishia kwenye vile vipande viwili vilivyobaki shimoni. Alivitoboa katikati kidogo kidogo, akagongea chuma cha pembe nne, akavizungusha nyuma mpaka vikatoka, Bilali akishika taa na mimi nikishika maji ya kunywa. Shida nyingine ilikuwa chuma cha kutengenezea bolti mpya. Ufukoni pale ziwani kulikuwa na nanga ya zamani ya jahazi la Waarabu, imelala mchangani watoto wanairukia, na Fundi aliigonga kwa nyundo akasikiliza, akasema hiki ni chuma kinachovutika, hakikatiki ovyo. Bilali akaibeba begani, tukapanda Kizuka kwa mhunzi Bizoza. Nilikwenda kwa sababu ya kifua cha Fundi. Nilibeba chakula, na mara mbili nilijifanya mimi ndiye nimechoka ili akae.

Bizoza alikuwa mzee mfupi, nyusi zimeungua zote, na mdomo mkali. Alituona kwa mbali akasema kwa sauti, "Amahoro, waungwana. Leo kanzu imekuja kuomba kwa mtu wa ngozi." Fundi akajibu, "Kanzu iko na shida, muzee." "Kanzu huja na shida siku zote. Ikiwa na heri hupita chini huko, haipandi." Lakini aliichukua nanga, akaibusu kwa ulimi. Nasema kweli, aliionja. Akasema, "Hiki kimetoka mbali. Kina chumvi bado." Wakaanza kazi. Nimeona wanaume wengi wakifanya kazi, na sijaona tena wawili waliokuwa hivi, mmoja hajui lugha ya mwenzake vizuri na mikono yao inasikilizana. Vijana wa Bizoza walivuta mivukuto, Bizoza akapiga fito nane, Fundi akapima kila moja kwa kipimo chake cha bati. Zile zilipokuwa nyekundu Bizoza akataka kuzitia majini, kama jembe, ziwe ngumu. Fundi akamshika mkono. "Hapana muzee. Zizike kwenye majivu zipoe polepole. Zikiwa ngumu zitakatika." Bizoza akamwangalia. "Chuma kisichonywa maji ni chuma cha kuchezea watoto." Basi Fundi akatoa ile gasketi ya shaba, akaitia motoni ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, akampa. Bizoza akaikunja kwa vidole viwili, laini kama ngozi iliyolowa. "Kwa hiyo shaba ni kinyume chake," akasema. "Nimezeeka bure." Akazizika fito kwenye majivu kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa nafika pale. Wakati fito zinapoa, mke wa Bizoza alikuwa anatia mpini jembe jipya. Alimimina mawese ndani ya tundu la mpini, mengi, kisha akagongea jembe, na mawese yakachuruzika upande wa pili. Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Mlimani jembe halikuingia mpini mkavu, kwa sababu chuma kilichoingia mahali pakavu humgeukia mwenye nacho, humkata mguu. Yule mama akaniangalia akaniuliza kwa Kirundi kama sisi vya kwetu hatuvitii mafuta. Nikamfasiria Fundi. Akacheka, akasema, "Mwambie vitapata, lakini tone. Nitapaka mwenyewe." Yule mama hakucheka. Na mimi nikateremka kilima na lile neno moyoni, tone. Mtu anakwenda kufa na wewe unahesabu matone. Ninayajua maneno yangu ya siku ile kwa sababu nimeyarudia kila siku tangu hapo.

Siku nne alikata nyuzi za bolti, ile mifereji inayozunguka, nyumbani, katika chumba kile cha vyuma. Alikuwa na chombo cha kukatia nyuzi, anakizungusha nusu, anarudisha robo, nusu, robo, na vumbi la chuma linaanguka juu ya kitambaa. Mimi nilikaa mlangoni na chaki yangu nikiandika A, BA, na yeye bila kugeuka anasema, "BA yako ina mimba, ipunguze tumbo." Chakula kilikuwa sombe, majani ya muhogo, na ndagala na alikula mawese bila kuyasukuma, hakuona hata anakula nini. Jioni ya siku ya nane bolti zilikuwa tayari, nane, zimepangwa kwenye kitambaa, zinang'aa. Alizifunga akalala nazo kichwani. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekwenda botini kusafisha mashimo. Nilimwona kwa macho yangu: alizungushia kitambaa kijiti, akakitia kwenye kila shimo, akakitoa, akakitazama, akarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akaweka gunia juu yake, akamwambia Bilali, "Pasiguswe." Nilikuwepo, nilisikia. Nilidhani amekataza uchafu. Sikudhani mawese ni uchafu.

Alfajiri alikwenda msikitini. Ilikuwa kiangazi, upepo wa mlimani unateremka, na asubuhi kama hizo mawese kwenye chungu yanaganda, yanakuwa mazito kama uji uliolala. Nilichukua kibuyu na kijiko. Nilikwenda kwenye matete, nikapanda botini bila viatu. Nikaondoa gunia. Nikatia mawese kwenye kila shimo, nikiyashindilia kwa kidole kidogo mpaka kina, nane, nikisema bismillahi kwa kila moja na neno ambalo mama alilisema akitia mpini jembe kwa kila moja, kwa sababu niliona bora nisimkasirishe yeyote. Kisha nikapangusa juu kwa upindo wa kitambaa changu nilichojitanda, nisiache hata alama, nikarudisha gunia. Nilirudi nyumbani nimetulia. Niseme ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama nusu saa ile. Niliwasha moto nikaimba.

Jua lilipotoka walikwenda kufunga, nami nikawafuata na uji. Gasketi ikakaa, kifuniko kikakaa juu yake, kikaficha midomo ya mashimo. Fundi akapaka kila bolti tone la mafuta kwenye nyuzi, tone kweli, akaziingiza kwa mkono. Nilimwona anakunja uso kidogo, kwa sababu zilikuwa zinaingia nzito. Akasema, "Nyuzi mpya hizi, bado zinaona haya." Akashika spana. Hakukaza kwa kuzunguka. Alikaza ya huku, kisha ya ng'ambo yake, kisha ya huku, kama wapiga ngoma wa mlimani wanavyovuta ngozi, upande na upande wake, kidogo kidogo, na Bilali akihesabu. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akasema, "Bado robo moja tu," akavuta ile ya pembeni kwangu. Ikalia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama chungu kinapowekwa vibaya juu ya jiwe, ta. Akaacha spana. Akapitisha ukucha kwenye ubavu wa silinda, pale chini ya shimo, na ukucha ukaingia.

Chuma kile cha silinda ni cha kumiminwa, hakivutiki, hakiunganiki. Kikipasuka kimepasuka. Yeye alijua hapo hapo, mimi sikujua, nilisimama na uji. Akafungua ile bolti polepole, akaishika juani, akaipitisha vidoleni. Nzima. Haina hata mkwaruzo. Akampa Bilali. Kisha akaingiza kidole kile shimoni, akakitoa, na kilikuwa chekundu hadi kifundo. Akakinusa. Akaniangalia. Nimejaribu miaka yote hii kusema aliniangalia vipi, na siwezi. Haikuwa hasira. Aliniangalia kama vile angeniangalia siku ile kama angejua kwamba nilimwona akilamba kidole. Akavuta upindo wa kitambaa changu, akafutia kidole chake humo, taratibu, mpaka kikawa safi, akasema, "Uji umepoa, Mwamini. Lete tunywe." Tukanywa uji, watatu, kando ya mashine iliyokufa.

Siku ya pili yake usiku, kitandani, nilianza, "Fundi, mimi..." Akaniwekea mkono mdomoni, akasema, "Bolti zilikuwa nzuri. Kumbuka hilo tu." Asubuhi Bwana Saa akafika, akatoa saa yake, akaona ufa. Akauliza ni chuma cha yule mhunzi? Kama Fundi angesema ndiyo, Bizoza angepata hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko, na huenda yeye ndiye angebeba mzigo. Kama angesema ni mke wangu, sijui. Akasema, "Ni mkono wangu, Bwana. Nilikaza mno." Mtu ambaye hakuwahi kukaza mno kitu chochote maishani mwake. Wakamfunga saa ile ile. Niliomba nimpe chakula cha njiani, askari akaruhusu, nikamfungia bugali na ndagala, na chumvi, bila mawese. Mikono yangu ilikataa. Akapokea, akafungua kidogo, akaona, akasema, "Hata tone?" Ndilo neno la mwisho. Wakaondoka njia ya Kabonga, na mluzi wa kifua chake niliusikia mpaka walipopita michikichi.

Mji haukukubali kwamba Fundi anaweza kukosea. Walimpenda, na mtu wa pwani aliyeijua mashine hawezi kuangushwa na mkono wake. Basi wakatafuta, wakampata Bizoza, kwa sababu alikuwa mlimani na hakuwa na kanzu. Ilichukua wiki moja tu. Bizoza aliposikia aliteremka, akaja kwangu, akaniomba bolti. Nikampa zote nane. Akazipanga juu ya mkeka mbele ya nyumba, karibu na njia ya sokoni, akakaa kando yake kutwa nzima, akiwaambia wapitao, "Angalieni. Iko wapi iliyokatika? Niambieni iko wapi." Watu walipita. Wengine walitema mate. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Alasiri akanyanyuka, akainama mlangoni, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie." Nikamwambia sijui mambo ya mashine. Akazikusanya saba, moja akaiacha mkekani, labda makusudi, labda macho ya uzee. Tangu hapo waungwana hawakumpelekea hata kisu. Watoto wake walizomewa sokoni, na wajukuu, na sasa msibani.

Wabeleji walikuja, Wadachi wakaenda zao, boti ikaoza kwenye matete. Wapagazi wawili tu walirudi Rumonge. Mmoja alisema Fundi alikaa chini njiani, siku ya kumi na moja, akashika magoti kama kawaida yake, na msafara ukapita. Mwingine alisema hakumwona. Nilichagua kumwamini huyo wa pili kwa miaka kama minne, kisha nikachoka, nikaolewa tena. Baadaye sana, nikiwa Usumbura kwa jambo jingine, nilimwona fundi wa malori amelala chini ya gari, nikamwuliza kama mtu anayepitisha muda: ukitia mafuta kwenye shimo la bolti lisilotokea upande wa pili, inakuwaje? Akatoa kichwa. "Mama, mafuta hayabanwi. Ukiyafungia ukakaza, kitakachotoa njia ni chuma." Tundu la mpini linatokea upande wa pili. Hiyo ndiyo tofauti yote. Mama hakunifundisha tundu lenye kina kilichozibwa, kwa sababu hakuwahi kuliona.

Mwezi wa Ramadhani uliopita Bilali alikuja kwangu, anatembelea fimbo, akakaa upande wa mlango kama zamani. Nilimpa futari. Alipomaliza hakusema murakoze. Alisema, "Shemeji, asubuhi ile nilikuwa macho. Nilikuona na kibuyu." Nikamwuliza kwa nini hakunizuia. "Nilidhani amekutuma." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Na alipotoa kile kidole nilitaka kusema, akanitazama na mimi pia. Basi." Nikamwuliza kama anadhani Fundi alitusamehe. Bilali alifikiri, hakuwa mtu wa kumpa mtu neno la bure. Akasema, "Sidhani alipata wakati."

Ile bolti moja ninayo. Ninapasulia kokwa za michikichi, haijapinda. Karatasi hizi nitampa mjukuu wa Bizoza pamoja nayo, na mwalimu yule amsomee mbele ya watu wale wale wa barazani, kama nitakuwa na moyo. Nikikosa moyo watazikuta chini ya godoro. Najua haitamrudishia babu yake hata siku moja. Lakini kuna jambo hata Bilali hakulijua, naliandika hapa nimalize. Kile kitambaa changu, alichofutia kidole. Siku ile ile waliyomchukua niliona ile alama nyekundu kwenye upindo, kidole chake kinaonekana kabisa, na nikaogopa askari wasije wakarudi wakaiona. Mawese hayatoki kirahisi. Nilitumia majivu, nikatumia sabuni yake ya kuoshea vyuma, nikasugua juu ya jiwe pale ziwani mpaka magoti yakafa ganzi. Hakuna askari aliyerudi. Ilitoka yote.